Mkanda wa Katani

Harufu ya mpira ulioungua ndiyo iliyotangulia, kisha taa nyekundu ikawaka mbele ya Mzee Mhina, dereva wa lori la kijiji chetu, na mvuke ukaanza kuvuja pembeni mwa boneti. Ilikuwa kiangazi, mwaka wa kwanza tangu tuhamie kijiji cha ujamaa kule Handeni, nyumba zetu bado zikinuka udongo mbichi. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Mama alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, na mkunga alikuwa amesema hawezi tena, apelekwe hospitali Korogwe. Tulimpandisha kwenye lori akiwa amelala juu ya kitanda chake cha kamba. Bibi, mama yake mzazi, alikaa upande wa kichwa, mimi miguuni.

Mzee Mhina alimweleza Bibi kwamba mkanda wa feni umekatika, na kwamba ndio unaozungusha feni na pampu ya maji; bila huo injini ingeungua kabla hatujamaliza kilima kilichokuwa mbele yetu. Mkanda wa akiba alikuwa nao, lakini ulikuwa umekaa mno chini ya kiti, na alipoukunja ukapasuka kama gome kavu. Magari yaliyopita njia ile yalikuwa ya kuhesabu. Tungeweza kungoja hadi kesho yake, na Mama hakuwa mtu wa kungoja hadi kesho.

Bibi akamwuliza kama ni lazima mkanda uwe wa mpira. Mzee Mhina akafikiri, akasema hata kamba ingeweza kuzunguka, ila fundo ndilo lingeikata. Bibi akakitazama kitanda cha Mama. Ujanani alikuwa amesokota kamba katika shamba la mkonge upande wa Hale, jambo ambalo mimi sikulijua hadi siku ile. Tulimteremsha Mama kwenye mkeka kivulini, naye Bibi akaanza kufumua kamba za kitanda, za katani. Alizisokota upya zikawa nene, kisha akazifungua ncha mbili na kupitisha nyuzi za huku ndani ya nyuzi za kule, akivuta kwa meno, mpaka sikuona tena kamba ilipoanzia wala ilipoishia. Mikono ile niliijua kwa kusonga ugali tu.

Mzee Mhina alilegeza nati za dainamo, ambayo nayo huzungushwa na mkanda huo, akaisukuma ndani, akavisha kamba, kisha akaivuta dainamo nje kwa mtaimbo na kukaza. Akabonyeza kamba katikati kwa kidole gumba. Ikilegea itateleza, alisema, ikikazwa mno itakatika. Tulimrudisha Mama ndani ya lori, juu ya mkeka, lakini kamba ilikatika baada ya mwendo mfupi. Bibi akateremka na kuanza upya, na safari hii alisuka kwa pupa, nyuzi zikimponyoka.

Mama alimwona. Akamwambia, taratibu kabisa, “Mama, suka vizuri. Mimi nangoja.”

Vidole vikatulia. Kamba ya pili ililoweshwa maji ikawa na nguvu zaidi. Mara tatu tulisimama ili ibonyezwe na kukazwa tena, maana ilikuwa ikirefuka, na kila boneti ilipofunguliwa nilisogea kutazama kazi ya mikono ya bibi yangu ilivyokuwa ikiendesha lori zima. Tulifika Korogwe alasiri, kamba ikitoa moshi. Jua lilipozama nilikuwa na mdogo wangu wa kike, na Mama alikuwa salama. Mzee Mhina alivua kofia, akampa Bibi shikamoo kwa mara ya pili siku ile.

Sasa njia ile naipita mwenyewe, nikiwa na gari langu. Fundi hunibadilishia mkanda kabla haujachakaa, kwa kusoma tarehe iliyoandikwa kwenye kikaratasi, na sijawahi kukwama. Lakini ikitokea nikwame, nitapiga simu na kukaa kwenye gari. Kusokota hata kamba ya kumfungia mbuzi, mimi sijui.