Moshi Uliorudi Jikoni

Juzi pale Hamugembe bodaboda mmoja alinipita akiwa amefunga nyuma mikungu miwili ya ndizi zilizoivishwa kwa moshi. Kama hujawahi kuzinusa sijui nikuelezeje. Ni utamu uliochanganyika na masizi, na hukaa puani muda mrefu baada ya pikipiki kupotea. Nilikuwa natoka sokoni na mfuko wangu wa dagaa, nikasimama kando ya njia, nikahisi uso unawaka. Wenzangu wakinusa harufu za utotoni hutabasamu. Mimi harufu ile hunitia aibu, na leo nitawaambia kwa nini.

Tulikaa Kanazi, katikati ya kibanja chetu cha migomba na kahawa: baba, mama, bibi mzaa baba, na sisi watoto. Baba alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, mtu wa kola iliyonyooka, aliyependa kila kitu kipya kianzie kwake. Siku moja alirudi kutoka semina mjini Bukoba, akang'oa mafiga ya jikoni na kumwita fundi ajenge jiko banifu la matofali, lenye kijilango cha chuma cha kutilia kuni na dohani iliyopanda ukutani hadi ikatokeza juu ya bati. Hapakuwa na nyumba nyingine ya jirani yenye kitu kama kile. Wapita njia walisimama kuitazama, na kila waliposimama, baba alipata kazi ya kufanya uani.

Majuma ya mwanzo jiko lilivuta vizuri. Kisha moshi ukaanza kurudi ndani.

Ulitokea kwenye kijilango cha kuni, ukatokea pembeni mwa sufuria, ukajaa jikoni hadi mama akawa anapika ameinama kama anayetafuta sindano. Macho yake yalikuwa mekundu asubuhi na jioni. Sare yangu ya shule ilitundikwa chumba cha pili kutoka jikoni, na bado darasani walianza kuziba pua wakiniita samaki wa Bumbire, maana samaki wa kukausha wanaoletwa kutoka visiwa vya Muleba ndivyo wanukavyo. Jumapili kanisani nilijifanya ninapenda sana kukaa na kwaya ya watoto. Ukweli ni kwamba nilikuwa namkimbia mama, kwa sababu yeye alinuka moshi kuliko mimi. Nilimwonea aibu mama yangu mzazi.

Baba hakukubali kushindwa na jiko lake. Kwanza alilaumu kuni. Akapiga marufuku matawi mabichi ya mibuni, akanunua mkaratusi uliokauka ukawa mwepesi mkononi. Moshi ukarudi. Fundi akaitwa, akazunguka nyumba amefumba jicho moja, akasema dohani ni fupi, upepo unavuka paa na kuusukuma moshi chini. Akaongeza matofali hadi dohani ikaupita mgongo wa paa. Moshi ukarudi. Baba akafunga majani makavu ya mgomba kwenye kamba yenye jiwe, akapanda juu mwenyewe na kuyashusha ndani ya dohani kusugua masizi. Alipoteremka mweusi tii, bibi alimkaribisha kama mgeni na kumuuliza anatoka ukoo gani. Mwishowe mtu akamwambia kwamba dohani baridi haivuti, lazima uipashe kwanza kwa karatasi inayowaka. Tukachoma magazeti yote ya nyumbani.

Ajabu ilikuwa hii: Jumamosi baba alipowasha kwa mkono wake, jiko lilivuta na kunguruma. Siku za kazi, yeye akishakwenda kwenye shughuli zake za kahawa na mama akawasha, moshi. Basi akatoa hukumu.

"Jiko ni zima," alisema mezani. "Tatizo ni mkono unaoliwasha."

Mama aliendelea kupakua ndizi.

Bibi naye alikuwa na mashtaka yake tangu siku jiko lilipojengwa. Juu ya jiko palikuwa na kichanja cha miti, na tangu enzi za babu ndizi za kukamulia pombe ziliwekwa pale zikaivishwa na moshi wa mafiga. "Sasa moshi wote mmeutuma mbinguni," alimwambia baba. "Ndizi zitaivishwa na nani? Na malaika?" Hakuwa anatania. Baba mdogo, kitinda mimba wake, alikuwa anajiandaa kwenda Muleba kuposa, na kwetu watu wa upande wa mume hawaendi ukweni mikono mitupu. Huenda na rubisi, pombe ya ndizi za kibanja chao wenyewe, ili wakwe waonje wajue binti yao anakwenda kwenye nyumba ya namna gani. Lakini baba alishasema mzee wa kanisa hapiki pombe. Watakwenda na makreti ya soda.

"Sijapata kusikia mwanamke aliyeposwa kwa soda," alisema bibi. Akaomba angalau zile ndizi zikae kichanjani, watoto wazile zikiiva. Baba akakubali, na sote tukadhani yameisha.

Wakati huohuo umoja wa wanawake wa usharika uliomba kuja kulitazama jiko, na mama ndiye angewaonyesha. Nataka mjue jambo hilo lilikuwa na uzito gani kwake. Mama alikuwa hajasoma sana, na mikutanoni alikaa nyuma. Hakuna aliyewahi kumwomba afundishe kitu. Alishona kitenge kipya, na mara mbili nilimkuta peke yake jikoni akiliambia jiko maneno ya kuwakaribisha wageni.

Ziara ilipangwa Jumamosi. Lakini mke wa mchungaji alipata msiba wa kwenda kuzika, ikawahishwa hadi Alhamisi ya kabla yake, na taarifa ilitufikia asubuhi ileile. Baba alifuta safari zake, nami nikazuiwa kwenda shule ili nisaidie. Kabla ya adhuhuri wageni walikuwa wamejaa.

"Nyegera waitu, karibuni," bibi aliwapokea mlangoni kwa salamu yetu ya heshima, na niliona anawahi kuelekea nyuma ya jiko. Wanawake wengine walikuwa wameshatangulia huko, wanaipapasa dohani. Akarudi ndani, akaketi kwenye mkeka.

Mama alianza vizuri. Alieleza kuni ziwe kavu kiasi gani, kijilango kiachwe wazi kiasi gani. Kisha akawasha. Mwanzo ulitoka uzi tu wa moshi, halafu wingu zima. Wanawake wakaanza kukohoa, mke wa mchungaji akajiziba kwa leso, mmoja akatoka mbio akiburuta mtoto. Mama alipuliza, akachochea, akafungua kijilango, akakifunga, machozi yanamtiririka hadi kwenye kitenge kipya.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, jina lake likiungua mbele ya usharika. Akacheka kile kicheko cha mtu anayejikinga.

"Mtusamehe, waitu. Jiko nimejenga la kisasa, ila mpishi ndiye yuleyule wa zamani!"

Wageni wakacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, ili binti za wageni waone kwamba mimi siko upande wa moshi. Mama aliinua uso akanitazama mara moja tu.

"Ni kweli, waitu," aliwaambia. "Bado najifunza."

Bibi alikuwa anaitazama mikono yake.

Wikiendi ile baba na baba mdogo walikwenda Muleba. Chini ya makreti ya soda, wazee wa ukoo walipanga madumu ambayo baba hakuulizwa habari zake. Alirudi akisifu ukarimu wa wakwe, akisema hajaona watu wanaofurahia soda namna ile.

Jumatatu asubuhi, nikiwa nanawa uso uani kabla ya kwenda shule, nilimwona mama akizunguka nyuma ya jiko. Alichomoa tofali la chini ya dohani, lile la kutolea masizi, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kuvuta furushi la majani ya mgomba, yamekunjwa vizuri na kuungua kingo. Hakuyashangaa. Aliyatupa kwenye shimo la mbolea, akarudisha tofali, akaingia kuwasha moto. Jiko likanguruma.

Bibi aliingia akautazama moto ule kwa muda mrefu, kisha akamnyang'anya mama mwiko.

"Kaa chini, mwanangu," alimwambia. "Leo nitapika mimi."

Mama mkwe kumpikia mkamwana! Nilidhani ni uzee. Nilikula ndizi zangu nikaenda shule, na moshi haukurudi tena. Baba alimweleza kila mtu kwamba hatimaye mke wake amejifunza.

Nilikuwa nimeshaolewa, nina mama mkwe wangu hapa Rwamishenye, ndipo siku moja nikiwa naosha vyombo vile vipande vikaungana kichwani mwangu. Hata hivyo sikumuuliza mama. Nilikuwa naogopa swali lenyewe lingefika wapi.

Baada ya kukutana na ile pikipiki nilikwenda Kanazi. Baba na bibi walishatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa anamenya ndizi kibarazani, nami nikachukua kisu nikaketi karibu naye.

"Mama, siku ile ya wageni ulijua kwamba bibi ameziba dohani?"

"Nilijua tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

Alimenya ndizi moja hadi mwisho, akaiweka kwenye maji.

"Ningesema, wangemcheka yeye. Mwanamke mzee, mbele ya mwanawe na mke wa mchungaji. Mimi nilikuwa bado kijana, ningeweza kuubeba mzigo huo."

Nikamwambia samahani. Hakuniuliza samahani ya nini. Alichukua ndizi nyingine, akasema, bila hasira hata kidogo:

"Vicheko vya wageni nilivibeba vyote, mwanangu. Chako ndicho kilichonishinda."