Reli ya Spoki

Mwaka jana nilikwenda na mjukuu wangu kwenye maonyesho Dar es Salaam. Katika banda moja walikuwa wameweka mfano wa reli ya umeme ndani ya sanduku la kioo, kama keki ya harusi. Treni ndogo ilikuwa ikiteleza yenyewe, ikazunguka vilima vya plastiki, ikaingia stesheni, taa zikawaka. Kijana mmoja mpole, kavaa tai, akaniamkia vizuri, halafu akaniuliza, "Bibi, umewahi kuona kitu kama hiki?"

"Nimewahi kukijenga," nikamwambia.

Akacheka kwa heshima, kama mtu anavyomchekea mzee aliyechoka na jua, akageukia wateja wengine. Mjukuu wangu naye alikuwa anataka aiskrimu. Basi ngoja nikuambie wewe, maana wao hawakuwa na nafasi.

Mimi ni mtoto wa kota za reli Tabora. Baba yangu alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera zake mbili, ambaye dereva hang'oi treni mpaka yeye aruhusu, na yeye akitaka isimame, inasimama. Nyumba yetu ilikuwa karibu na njia kiasi kwamba vikombe vilitetemeka kabatini kila kichwa cha treni kilipopita. Asubuhi nguo tulizoanika zilikuwa na vumbi la makaa, mama akazifua upya huku akilalamika, lakini ukimwambia ahamie mtaa wa Cheyo kwenye nyumba safi alikuwa hataki. Alisema kule angelala vipi bila kelele.

Likizo zote nilikwenda kwa bibi, mama yake baba. Kijiji chake kilikuwa kwenye njia ya Kigoma, mahali ambapo treni ilisimama kidogo tu, dakika za kushusha mzigo na kupandisha abiria. Stesheni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mawe na benchi. Lakini treni ikisimama, ungesikia! Wanawake wakikimbia na masinia kichwani, matobolwa ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, asali kwenye chupa za soda, karanga za kuchemsha, kuku wanapiga kelele madirishani. Bibi alikuwa akiuza michembe, viazi vitamu alivyovikata vipande na kuvikausha juani, na aliwajua madereva wote kwa sauti ya honi zao. "Huyu leo kagombana na mkewe," alikuwa akisema, treni ikiwa bado haijaonekana.

Halafu ukaja wakati wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilikuwa kibaya. Kijiji kipya kilikuwa na shule, na baadaye kisima cha pampu, na binamu zangu walisoma kule mpaka wakawa watu. Lakini kwa bibi kilikuja kama lori. Lilifika asubuhi, mapaa yakaezuliwa, vyombo vikapakiwa, na watu wakashushwa mbali na reli, kwenye uwanja uliopigwa mistari kwa kamba. Jiko lake la nje alilolifinyanga mwenyewe lilibaki. Alikuja kwetu kota kukaa kwa muda, akawa mtu wa kimya. Treni ikilia alikuwa hainui kichwa tena.

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita. Shule za wilaya zilitakiwa kupeleka kazi za mikono kwenye maonyesho uwanjani, na mwalimu wetu wa kazi za mikono, kijana aliyetoka chuoni hivi karibuni, akasema darasa letu litajenga reli. Wavulana wakaruka. Mimi nikanyoosha mkono nikasema najua jinsi njia zinavyogawanyika pale stesheni, moja kwenda Mwanza, moja kwenda Kigoma, maana naziona nikiwa nakoga. Darasa likacheka, mwalimu hakucheka. Akanipa chaki nichore ubaoni. Kuanzia siku hiyo kazi ikawa mikononi mwangu, na aliyetaka kununa alinuna.

Tuliijenga juu ya mlango mkuukuu. Reli zilikuwa spoki za baiskeli, mataruma ya kuzilalia vipande vya mabua ya mtama, na kokoto tulizichekecha kwa chujio la chai la mama, akanichapa. Ardhi ilikuwa udongo wa kichuguu, kwa sababu ukikauka haupasuki. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la dawa ya mbu, bomba la moshi kifuniko cha dawa ya meno, mabehewa viberiti, magurudumu vifuniko vya soda tulivyovipigapiga kwa nyundo mpaka vikawa na ukingo wa kushika reli. Treni ilivutwa na uzi uliopita chini ya mlango na kuzungushwa kwa mkono. Ilianguka mara nyingi kuliko ilivyokwenda. Tuliinyoosha, tukaipaka mafuta ya nazi, tukaanza tena. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mbichi na masizi, vidole vyangu vinataka kushika kitu.

Katikati ya njia ya Kigoma nikaweka kijiji cha bibi. Hakuna aliyenituma. Niliweka stesheni ya chumba kimoja, benchi, nyumba zilizotawanyika kila moja ilipopenda, njia ya miguu ya zamani ambayo misafara ilipita, na jiko la nje.

Siku moja kabla ya maonyesho alikuja ofisa wa kukagua. Alipenda sana. Alizungusha uzi mwenyewe, treni ikatoka Tabora, naye akatabasamu kama mtoto. Ilipofika kijijini akaacha kuzungusha.

"Hapa ni wapi?"

"Ni kwa bibi yangu," nikasema.

"Hapa hapana watu sasa. Wote wako kijiji kipya." Akamgeukia mwalimu. "Toeni hivi vibanda. Pangeni nyumba kwa mistari, muweke na bendera, kesho mtaingia bandani. Kazi nzuri sana."

Mwalimu akaniangalia. "Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu. Lakini sitoi."

Ofisa hakukasirika. Aliinama karibu yangu, akanieleza taratibu kwamba maonyesho ni ya kuonyesha nchi inakokwenda, si ilikotoka. Nikamwambia treni bado inapita pale. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Mtu akasema wa gadi. Akatikisa kichwa, akamwambia mwalimu kwamba kama kijiji kile kingekuwapo kesho asubuhi, mlango ule usingevuka geti.

Habari zilinitangulia nyumbani. Baba alikuwa amesimama uani na sare yake.

"Mimi nakula kwa serikali," akasema. "Unataka tufukuzwe kota turudi kijijini?"

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachambua mchele. Hakunyanyua macho. "Kijijini kipi?" akauliza.

Baba akaingia ndani, na jambo lile halikuzungumzwa tena siku hiyo.

Asubuhi nikafika shuleni nikiwa tayari kwa fimbo. Nikamkuta mwalimu na mkokoteni, mlango wetu juu yake umefunikwa shuka lake la kitandani, na kijiji kiko palepale. "Geti hatuvuki," akaniambia. "Lakini barabara ya kwenda getini si ya mtu."

Mkabala na uwanja kulikuwa na studio ya picha. Mwenyewe alikuwa Mwarabu wa Tabora, ambaye wazee wake walikuja na misafara wakasahau kurudi, na alisema Kinyamwezi safi kuliko sisi wa kota. Alitukuta tumesimama juani hatujui la kufanya. Akamsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akaondoa viti vya wateja barazani kwake.

"Wekeni hapa," akasema. "Baraza ni langu. Hapa naweka nitakacho."

Mwanzoni walikuja watoto. Kisha wapagazi wa stesheni, wakabishana kuhusu pointi, pale njia zinapogawanyika, tuliyoikosea, tukairekebisha palepale. Bibi alifika na mama karibu na adhuhuri. Akainama juu ya mlango ule kwa muda mrefu, mikono nyuma. Nilidhani atalia. Badala yake akaninyooshea kidole.

"Jiko langu umeliweka upande wa upepo. Unataka nipike na moshi machoni?"

Akalivunja kwa kucha, akalowesha udongo, akalifinyanga upya mahali pake. Ndipo nikamwona bibi yangu amerudi. Akaanza kutoa amri: kisima kisogezwe, mti wa ukwaju usahaulike vipi, na nyumba ya yule mganga iko wapi?

Ilikuwa siku ya gulio, na wanawake wa kijiji kipya walikuwa mjini kuuza. Mmoja alimtambua bibi, akaita mwenzake, na huyo akaita mwingine. "Mwangaluka, mayo!" walimsalimia kwa Kinyamwezi, halafu wakaona kilichokuwa juu ya mlango, wakasogea. Wa kwanza akaomba udongo. Akafinyanga nyumba yake, ndogo kama ganda la karanga, akaiweka karibu na njia, akainama kuhakikisha mlango unatazama inavyotakiwa. Wa pili akafanya vilevile. Mwalimu alikwenda kuleta udongo mwingine. Wakapanga foleni mpaka barabarani, watu wazima, masinia chini, kila mmoja akingoja kujenga kwake. Mabandani uwanjani kulipungua watu.

Ofisa alikuja kuona kulikoni. Foleni haikumpisha, haikumtukana pia. Alisimama akatazama zile nyumba zinavyoongezeka. Mwishowe akamwambia mpiga picha kwamba vitu hivi viondolewe.

"Bwana mkubwa," mpiga picha akasema, "shikamoo, karibu kahawa. Hili ni tangazo la studio yangu. Wateja wangu hawa hapa."

Ofisa hakunywa kahawa. Akaondoka. Wanawake wakaendelea.

Jioni, jua lilipokuwa limelala upande na vivuli virefu, mpiga picha akasema sasa ndiyo saa yake. Alilala kifudifudi barazani na kanzu yake nyeupe, kamera usawa wa reli, akamwambia mkewe alete chetezo na udi. Mwalimu akashika kioo kurudisha mwanga. Mimi nikazungusha uzi. Moshi wa udi ulipanda nyuma ya lile kopo la dawa ya mbu kana kwamba linakokota mzigo mzito kutoka Kigoma. Alipiga picha, akasema "subiri", akapiga nyingine, "subiri", mpaka filamu ikaisha. Alipozisafisha na kuziweka dirishani, watu waliapa kwamba ni stesheni yenyewe. Mzee mmoja alimtafuta mtoto wake ndani ya picha.

Muhula ulipokwisha mwalimu alihamishiwa mbali, kusini kabisa. Hakuna aliyesema kwa nini, na yeye alipokuja kutuaga alikuwa anacheka. Mlango wetu uliwekwa stoo ya shule, mchwa wakamaliza kila kitu. Waliacha spoki tu.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Alikuwa amesema atazikwa kwao, kando ya babu, na wakubwa wa kijiji walisema makaburi yako kijiji kipya. Treni haikusimama tena pale, stesheni ilikuwa imefungwa, barabara haikuwepo. Baba alisikiliza maelezo yote akajibu, "Sawa." Asubuhi akavaa sare, akapandisha jeneza kwenye behewa lake la mwisho, akatupandisha na sisi. Tulipokaribia akatoka nje, akapeperusha bendera nyekundu kwa mkono wake wote, na treni nzima, abiria na mizigo, ikapunguza mwendo, ikalia, ikasimama katikati ya majani marefu. Dereva akashuka mbele kule, akavua kofia. Abiria walipoona jeneza wakashuka pia, wanaume wasiotujua, wakashika majembe. Tulimzika mchana kweupe, treni ikisubiri.

Baba aliteremshwa cheo kwa hilo. Miaka iliyobaki aliimaliza kwenye uwanja wa stesheni akibadilisha njia za treni, na sikumsikia akijuta hata siku moja. Mtu akimuuliza alikuwa akijibu, "Mimi ndiye gadi. Nilisimamisha."

Sasa hawapo wote. Studio inauza kava za simu, na aliyeinunua hakujua kama iliwahi kuwa na dirisha la picha. Chumba cha mawe kimebomoka, watu wamechukua mawe. Ukipita pale kwa treni unaona msitu, na ukimuuliza mhudumu atakwambia hapana kitu hapa, mama, kaa tu.

Sikai. Nikipanda kwenda Kigoma nasimama dirishani. Aliyekaa jirani nami lazima ataniuliza naangalia nini. Namwambia hapa ni stesheni, pale ni kwa bibi, jiko liko upande usio na upepo, yule wa nyumba ya pili alikuwa na mbuzi wakorofi, kisima kile pale chini ya ukwaju. Naendelea nyumba kwa nyumba mpaka nimalize kijiji. Wengine husinzia. Wakisinzia, naongeza sauti.