Kambi Gani, Drusilla?

Kosa lilikuwa langu, na mpaka leo sipendi kukumbushwa. Mimi huandika mabango sokoni Nyakoe. Drusilla, mama mkulima wa majani chai, aliniletea kitambaa cheupe niandike: HATUTAKI KAMBI YA WANAJESHI WA KIGENI. Kitambaa chenyewe kifupi, maneno yote hayo yangeenea wapi? Nikayakata. Ijumaa asubuhi nikatundika kando ya barabara: HATUTAKI KAMBI.

Sasa, mimi ni Mkatoliki. Kwa Wasabato, kambi ni ile ya Agosti, wiki nzima ya mahubiri chini ya maturubai, na kwaya zilikuwa zimeshaanza mazoezi. Kabla ya saa sita mzee wa kanisa, Anyona, alikuwa mlangoni kwangu akihema.

"Duncan, nani huyo hataki kambi?"

"Drusilla," nikajibu, mjinga mimi.

Na Drusilla ni Msabato wa kuzaliwa! Alikuja mbio, leso imemtoka kichwani. "Duncan, umenimaliza. Sahihi mia mbili za kuwapinga wanajeshi zinatakiwa Jumatatu, nami sijafika hata nusu. Nani atatia sasa?" Akalia pale pale. Niliona aibu sana.

Miezi minne alikuwa akitembea nyumba kwa nyumba, tangu wanajeshi hao wa kigeni walipokuja kupima kilima kilicho juu ya shamba lake. Watu walimwambia, "Mama Linda, si waje, vijana wapate kazi?" Naye aliwajibu, "Joash wangu pia aliipata." Joash, mumewe, alikuwa kibarua kwenye kambi yao nyingine, kule kaskazini. Siku moja akifyeka uwanja wa mazoezi aliokota chuma kilichosahaulika, kikalipuka. Alirudi nyumbani bila mkono wa kulia.

Kesho yake Jumamosi, siku ya Sabato, Drusilla alipewa dakika mbili kanisani. Nilienda nami, nikasimama nyuma na kukiri mbele ya wote kwamba niliyeyakata maneno kwa uvivu ni mimi. Wakacheka, hasira ikaisha. Lakini siku ya Sabato hawatii sahihi karatasi, kwa hiyo Drusilla hakulala.

Jumapili saa mbili asubuhi, foleni ya kutia sahihi pale sokoni ilikuwa imefika kwenye kibanda cha ndizi. Mzee Anyona alikuwa wa kwanza. Akashika kalamu, akaona mstari wa juu kabisa ni mtupu.

"Nitie hapa?"

"Hapana, mzee," Drusilla akamwambia. "Huo una mwenyewe."

Joash alikuwa amekataa kupiga dole gumba. Miezi yote minne alikuwa akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Akapita mbele, akainama mezani. Alichukua muda mrefu mno, jasho likidondokea karatasi, na hakuna aliyemharakisha. Herufi zilipinda huku na huku. Joash Onyancha Omosa: aliandika majina yote matatu, hakukata hata herufi moja.