Maonyesho ya sanaa yaliyogeuka msiba hapa Uyole, mpaka leo sijui kama tulifanya sawa

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Muda mrefu nasoma tu nyuzi za watu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa kichwani, na kila ninayemuuliza mtaani ananijibu lake. Nitasema nilichoona mwenyewe. Pale nilipoambiwa tu, nitasema nimeambiwa. Shule yangu ni la saba, kwa hiyo mpangilio ukiyumba mnivumilie.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Uyole, Mbeya. Mageti, grili za madirisha, vitu hivyo.

Pembeni ya kibanda changu kuna ghala la zamani la viazi. Mwenyewe alipoacha biashara, vijana wa mtaa wakamwomba, wakalisafisha, wakavuta umeme. Sasa hivi kuna mazoezi ya ngoma, kuna cherehani, kuna kompyuta mbili. Na mara mojamoja kuna sanaa. Funguo nakaa nazo mimi kwa sababu niko hapo tangu asubuhi.

Sanaa yenyewe siyo picha za kutundika ukutani. Wanaita installation. Aliyetangulia alijaza ghala zima matairi, yakakaa wiki, akaondoka nayo. Mimi nilidhani anauza.

Halafu akaja Neema, binti kutoka Iringa. Mpole, anasalimia kila mtu mpaka wapiga debe wa stendi. Alitaka nimchomelee nguzo za bomba. Juu yake akatandaza turubai kubwa aliloshona mwenyewe kwa viroba vya viazi.

Chini ya turubai, nje, akapanga mabenchi aliyoazima kanisani. Katikati moto wa kuni, maana baridi ya mwezi wa sita Uyole siyo mchezo. Ndani ya ghala akatandika mikeka, hakuna kiti hata kimoja. Ukutani spika ndogo inatoa sauti za akina mama wanaguna wimbo polepole, bila maneno.

Nikamuuliza, "Sasa binti, hii ni nini?"

"Ni nafasi tu, fundi. Anayeingia ataijaza mwenyewe."

"Kwa nini usiijaze wewe kabisa?"

Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nauliza kweli.

Najua nyie mnaosoma mmeshaelewa kinachokuja. Mimi nguzo nimechomelea kwa mikono yangu na sikuona kitu.

Asubuhi ya kufungua, wa kwanza kufika alikuwa Mama Atu, anauza ndizi sokoni. Kitenge juu ya kitenge, bakuli la unga kichwani, wenzake watatu nyuma, mmoja na kuni. Akavua ndala mlangoni, akakaa kwenye mkeka, akaanza kulia. Neema akaniangalia mimi. Nikamfuata yule mama.

"Mama Atu, unamlilia nani?"

"We fundi, acha maswali. Si wa hapahapa tu? Tutaambiwa."

Kwa wale ambao hawajaishi huku: ukiona turubai, mabenchi ya kanisa, moto unafuka na hakuna muziki wa harusi, hupiti. Wala husimami kuuliza jina kama karani. Unaingia, unakaa, jina litakufikia.

Kufika mchana mabenchi yamejaa wanaume, mpaka madereva wa malori. Mmoja akaniuliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Nikamjibu sijui. Akatikisa kichwa, "Ndiyo hivyo, siku hizi ni ghaflaghafla."

Ikabidi afike mwenyekiti wa mtaa. Huyo alikuja na hasira zake. "Nani kafa kwenye mtaa wangu mimi sina habari?"

Neema akasimama akaeleza. Alieleza vizuri tu, ila sidhani kama kuna aliyeelewa, na mimi nikiwemo. Walichoshika ni kwamba hakuna aliyekufa.

Mama Atu alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani nimelia kote kule, kumbe namlilia kiroba cha viazi!" Akabeba unga wake. Wengine hawakucheka. Mzee mmoja alimwambia Neema, "Binti, unapiga hodi kwenye mlango usioujua." Mwenyekiti akaamuru vyote vibomolewe kabla ya jioni.

Kwa haki nimtetee mwenyekiti, siyo mtu mbaya. Wapo wanaoamini msiba wa uongo unaita wa kweli, na yeye ndiye angeulizwa.

Watu wakatoka. Ndani akabaki mmoja.

Huyo ni Mama Masanja. Ni Wasukuma, familia yao ilihamia Ubaruku na ng'ombe miaka mingi iliyopita, wanalima mpunga. Yeye anauza mchele hapa Uyole, mume yuko kule na mifugo. Mtoto wao wa kwanza, Masanja, alikwenda Chunya kuchimba dhahabu. Shimo likatitia. Nimeambiwa wenzake wengine walisema alikuwa chini, wengine wakasema alishaondoka kwenda machimbo mengine. Mwili haukupatikana. Simu haikupatikana.

Baba yake akakataa msiba. Alisema ukimlilia mtu ambaye hujamuona, siku akirudi anakuta mmeshamzika. Hapo pia sijui nani anaweza kumlaumu. Kwa hiyo huyu mama alikuwa hajawahi kukaa mkekani kwa ajili ya mwanawe. Anapima mchele, anaturudishia chenji, anarudi nyumbani.

Neema akapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Hapa hakuna msiba. Ni kazi yangu tu."

"Nimekusikia mwanangu. Wewe huna msiba. Mimi ninao."

Akavuta kitenge akajifunika kichwa.

Mwenyekiti akanivuta pembeni. "Fundi, funguo unazo wewe. Mtoe, ufunge."

Wakuu, nilisimama pale na funguo mkononi. Sikumtoa. Lakini pia sikumwambia mwenyekiti hapana. Nilisema, "Tumsubiri mumewe." Ilikuwa busara au ilikuwa uoga, sijui, na nimejiuliza sana. Mwenyekiti akampigia simu mume.

Jioni Mama Atu akarudi, na unga wake. Hakusema amefuata nini. Wengine wakafuata. Wanaume nao wakarudi mmojammoja kwenye moto, kila mtu na kisingizio chake cha baridi. Neema akazima ile spika. Akina mama walikuwa wanaguna wenyewe.

Kesho yake akafika Baba Masanja. Gambuti, fimbo, koti refu. Akasimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Mama Masanja, inuka twende. Mtoto hajafa."

"Haya, mlete."

"Sijui alipo."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nimekaa."

Yule mzee aligeuka. Halafu akatoka nje. Mwanaume akitoka pale, pa kwenda ni benchini tu. Akaja akakaa karibu na mimi, akanyoosha mikono kwenye moto.

Hapo sasa ndipo tulipokwama. Ukimpa pole, umemzika mwanawe mbele yake. Usipompa, wewe ni mtu wa namna gani, umekaa na mzazi kwenye moto kama hujui kilichomkuta? Dereva mmoja akauliza bei ya mpunga Ubaruku. Mzee akajibu. Mwingine akauliza maji ya mfereji. Akajibu.

Mwisho akainua uso, akatuangalia mmojammoja.

"Ninyi watu wa Mbeya mkoje? Muda wote huu nimekaa kwenye moto wenu, hata pole hamnipi?"

Aliyeinuka ni mwenyekiti, yuleyule. Akavua kofia, akampa mikono miwili. "Pole sana, Baba Masanja." Akafuata dereva, wakafuata wengine. Zamu yangu ilipofika, na mimi nilisema.

Ndani wakasikia. Kilio kilichotoka mle sitakieleza.

Walikaa siku za kawaida za msiba. Mchungaji alikuja kuomba, na niligundua hakutaja neno marehemu hata mara moja. Alisema "kijana wako Masanja, popote alipo." Mikeka ikainuliwa, wakaondoka pamoja kwenda Ubaruku. Neema hakupiga picha hata moja, na wenzake wa sanaa nasikia walimgombeza.

Sasa kinachonitatiza ni hiki. Neema anapeleka kazi yake Iringa. Ameogopa, ameniagiza nimtengenezee kibao cha bati kikae mbele ya turubai, kisomeke: HII NI SANAA, SIYO MSIBA.

Ana haki. Watu wasidanganywe, na kuna mahali angeweza kupigwa.

Lakini kibao hicho kingekuwepo Uyole, Mama Masanja angekisoma, akapita na mchele wake. Mpaka leo angekuwa anapima tu na kurudisha chenji.

Halafu nageuka tena upande wa pili. Masanja akitokea kesho anatembea pale barabarani na begi lake, mimi niliyempa baba yake pole nitamtazama vipi?

Funzo langu ni dogo na silishikilii sana: kabla hujamwambia mtu kwamba alipokaa sipo, muulize kwanza kwa nini amekaa. Zaidi ya hapo sina.

Bati nimeshalikata, liko hapa mezani, rangi ninayo. Sijaandika kitu. Wenye uzoefu, na hata wa kunisema mniseme tu: nyie mngeandika nini?