A na An Mpaka Masasi

Darasani mimi huwa sinyooshi mkono. Jibu nikilijua, nalikalia. Mama mdogo aliponiomba nimfundishe mwanawe Kiingereza nilikubali, kwa kuwa mwanafunzi alikuwa mmoja tu, tena wa nyumbani.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama na mama mdogo, ana duka la vipuri vya pikipiki Masasi. Alisema mpwa wake huyu atamsomesha shule ya Kiingereza, aishi kwake na kula kwake, ila kwanza apite intavyuu. Asipopita, basi, hakuna kurudia. Mama mdogo anaumwa kifua. Baba wa mtoto aliteremka Ruvuma kutafuta kazi na hajarudi. Hapa kijijini Mkunya siku nyingine wanalala na uji wa muhogo, hauna hata chumvi.

Nilianza na a na an, maana hata mimi hapo hujikwaa. Nikapanga mkekani yai, shoka, ndoo na jembe, nikamwambia asikilize neno linavyoanza mdomoni. Mwanzoni kila nikishika yai alisema, "A an egg."

"Mbona viwili?"

"Dada, naweka vyote. Kimoja si kitakubali?"

Watoto wawili wa jirani wakajiunga. Mmoja akauliza maji yanawekwa kipi. Nikasema hakuna, maji hayahesabiki. Walinicheka sana. Kwao maji yanahesabiwa ndoo kwa ndoo, tena kwa ugomvi. Nikahamia kwenye chungwa.

Korosho zilipoisha kuokotwa alikuwa ameshika. Tukienda kisimani anaviita vitu njia nzima: a goat, an anthill. Siku moja alimtazama mzee aliyekuwa anapita akasema, "An old man." Mzee akamwitikia, "Marahaba."

Desemba akaingia jandoni na wenzake. Ya huko sisi wanawake hatuambiwi. Alitoka amekonda, kichwa kimenyolewa, anang'aa mafuta, na ana jina jipya. Kwetu jina jipya likitoka, la zamani limekufa. Ukimwita mtu kwa lile umemtukana. Siliandiki hata hapa.

Januari tulipanda bodaboda, mimi na yeye. Mjomba alitupokea, akatufikisha shuleni, akaenda kufungua duka. Tukakaa kwenye benchi la nje. Mwalimu, mama mmoja mgeni wa huku kwetu, akatokea mlangoni na karatasi akasoma jina. Lilikuwa lile la cheti cha kuzaliwa, la zamani.

Mtoto alitazama ukuta. Mwalimu akarudia. Nikamgusa bega.

"Huyo hayupo, dada," akaninong'oneza.

Nikasimama. Nikasema, "Shikamoo, Madam. Ni huyu." Mwalimu akamuuliza mwenyewe kama ndiye. Mtoto akatikisa kichwa kukataa. Nikaeleza habari ya jando, ila sauti yangu hata mimi sikuisikia vizuri. Nikamtajia jina jipya, akalitafuta kwenye karatasi yake, halimo.

"Mtoto mwenyewe anakana," akasema, bila ukali. "Nimfanyie nani intavyuu?" Akamwita aliyefuata.

Mle ndani walikuwa wanaulizwa picha. Kupitia dirishani nilimsikia mtoto mwingine akisema, "A egg," na mwalimu akamwambia vizuri, jaribu tena. Wangu alilisikia pia. Aliguna tu.

Mjomba alikuja mchana. Nilimweleza yote na nikamwomba arudi kwa mwalimu. Akasema mtoto anayemkana mjomba wake mbele za watu, yeye hawezi kumlisha. Nilimwambia hakumkana yeye, amekana jina. "Jina hilo alimpa nani?" akauliza. Kumbe ni yeye aliyempa, mtoto alipozaliwa. Akalipia bodaboda ya kuturudisha.

Njiani, kabla ya Chiungutwa, dereva aliposimama kujaza upepo, nikamuuliza mtoto kwa nini hakuitika japo mara moja, mimi nisingemwambia mtu.

"Wakubwa wa jandoni walisema ukiitika la zamani, mama anakufa."

Mama mdogo alikuwa amekaa kizingitini akitungoja. Nikamwambia hakupita. Akauliza alikosea nini, na mimi sikuweza kumdanganya, nikamwambia hakuitika jina la zamani. Kikohozi kikamshika, kikakaa sana, akainama mpaka kanga ikaanguka. Mtoto akasimama mbele yake, hakumshika wala kulia. Alikuwa anamwangalia tu, mpaka alipoona anapumua tena.