Paramecium Yangu ya Mwaka wa 86

Leo mama amenivua cheo mbele ya watoto wangu.

Tuko kwake Kasikeu. Binti yangu Mwende, wa kidato cha pili, alikuwa anaandika tofauti ya Amoeba na Paramecium.

Mimi nikakohoa kwanza.

"Amoeba ni kama uji umemwagika mezani, haina umbo. Paramecium ni kama slipa imeota nywele. Mimi niliiona mwaka wa 86, kwa maikroskopu ya shule. Kila mtu aliambiwa alete maji ya silanga, lile bwawa la ng'ombe. Yangu ndiyo ilitoa Paramecium. Nikaichora na nywele zote, mwalimu akanipa tiki kubwa."

Hii hadithi mke wangu anaijua kama Zaburi.

Mama akaacha kuchambua ndengu.

"Yale maji nilikuwekea kwa chupa?"

"Ndiyo, mama."

"Yale nilichemsha, nikachuja na leso. Ungempelekea mwalimu maji chafu, aseme mimi ni mama wa aina gani?"



Mwende akaweka kalamu chini polepole, vile daktari hufanya kabla akupe habari mbaya.

"Baba, hiyo Paramecium yako ilikuwa inasonga wakati gani?"

"Kila nikipepesa macho."

Nilisikia jibu likitoka na singeweza kulirudisha.

Sasa nyinyi tuliosoma pamoja, semeni ukweli hapa chini mlichora nini.

Mimi nilichora kope zangu.