Nilisema Bunduki Ina Upepo

Jina langu silitoi, na anayedhani amenitambua akae kimya, kama nilivyokaa mimi. Nilimpotezea mtu kazi na nyumba kwa neno moja, na neno lenyewe halikuwa hata la uongo. Ndilo linaloniuma.

Vita ilipokwisha nilirudi kutoka Burma nikapata kazi ya ulinzi katika mgodi mmoja wa dhahabu, upande wa Geita. Nilivaa kofia upande, nikatembea kifua mbele, na kila aliyekaa karibu nami kwenye pombe alisikia jinsi nilivyowadungua Wajapani toka kilima hata kilima. Wasomaji, Burma nilipika wali. Nilipika wali na kusugua sufuria, na bunduki nilipewa ya kubeba tu.

Bwana Mkubwa wa mgodi aliniamini. Alipoletewa bunduki mpya kutoka Ulaya, yenye darubini juu yake, alinikabidhi mimi kwa mashindano ya shabaha na walinzi wa Shinyanga. Yadi mia sita, risasi tano. Nikishinda ningefanywa mkubwa wa walinzi. Mke wangu alikwisha kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani.

Bunduki ile niliipaka mafuta kuliko nilivyowahi kumpaka mwanangu. Watu walikuja kuchungulia kwenye darubini, nami nawapanga mstari kama mganga wa hospitali. Hakuna aliyeniuliza kama najua kupiga. Ukiwa na chombo kama kile nani atakuuliza?

Aliyezitunza bunduki za mgodi ni Baba Kabula, Msukuma wa kwao Kolandoto, mtu mwembamba asiye na maneno mengi. Yeye vitani hakwenda, ila amewinda tangu ujana kwa bunduki kuukuu ambayo kitako chake kilipasuka akakifunga kwa ngozi ya ng'ombe. Nilimcheka mbele za watu. Nilimwuliza kama ndiyo anayosongea ugali.

Asubuhi ya mashindano alinifuata.

"Mwanangu, uwanja ule una upepo," aliniambia. "Pale utakapolala pametulia, kifusi cha mgodi kinakukinga. Lakini katikati, penye mbuga, unapita kwa nguvu. Tazama nyasi za kule, usitazame za hapa. Halafu lenga kushoto."

"Baba Kabula, hii ina darubini."

"Darubini itakuonyesha shabaha. Upepo haitakuonyesha."

Nikamwambia aende akakaange karanga, risasi aniachie mimi. Ndivyo nilivyomjibu mzee wa watu.

Mlinzi wa Shinyanga alitangulia, kijibwana kifupi chenye bunduki ya kawaida kabisa. Alilala chini, akatazama mbuga mpaka watu wakachoka, akapiga. Akatazama tena. Risasi nne kati ya tano zikaingia.

Nikalala mimi. Katika darubini niliiona shabaha kubwa kama mlango wa nyumba yangu, nikacheka kimoyomoyo. Nikapiga. Kule mbali bendera nyekundu ikapeperushwa: nimekosa. Nikapiga tena, bendera. Zote tano, bendera. Kufikia ya tatu kina mama wauza togwa walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko, na mmoja akauliza kwa sauti kama huko Burma Wajapani walikufa kwa kelele.

Bwana Mkubwa akaja amewiva uso. "Shida nini?"

Hapo ndipo iliponibidi niseme mimi ndiye nisiyejua. Badala yake nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote: "Bwana, bunduki ina upepo. Baba Kabula mwenyewe kaniambia leo asubuhi habari za upepo."

Bwana Mkubwa hakuelewa. Watu walielewa. Nilijua wataelewaje, maana kwetu upepo si ule wa kupeperusha majani tu. Upepo mbaya hutumwa na mtu, ukamwingia mtu au chombo chake. Tena wiki ile jiwe lilikuwa limemwangukia mchimbaji shimoni, na watu walikuwa wanatafuta wa kumlaumu. Kicheko kilikatika.

Bwana Mkubwa alitaka kujua kama bunduki yake ni nzima. Akampa Baba Kabula, akamwamuru apige. Mzee alilala palepale nilipolala mimi. Aliangalia nyasi za mbuga, akasogeza mtutu kidogo kushoto. Risasi tano, zote zikaingia.

Mtu mwenye akili angesema: kumbe bunduki nzima, mjinga ni huyu mpishi. Lakini nyuma yangu nilisikia mchimbaji mmoja akisema polepole, "Mmeona? Inamtii mwenyewe." Mwingine akasema nogi, ndiyo mchawi kwa Kisukuma.

Ustadi wake ndio uliomtia hatiani, nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Ningeweza kusema, "Jamani, alinifundisha asubuhi nikamdharau." Nikafunga mdomo.

Kesho yake wachimbaji waligoma kushuka shimoni mpaka aondoke. Bwana Mkubwa haamini wachawi, lakini anaamini mashine ikisimama ni hasara. Akamwachisha kazi. Mama Kabula alibeba sufuria, binti yao Kabula akabeba kuku, na mzee akatangulia na bunduki yake ya ngozi. Hakuna aliyewasindikiza.

Ukubwa sikuupata. Nilipelekwa kulinda magunia matupu, na gauni la mke wangu likawa la kuvalia shambani. Yote hayo nilistahili, tena yalikuwa machache.

Mwaka huu nilisikia kuwa posa ya pili ya Kabula imevunjika. Wakwe walipeleleza, wakaambiwa baba yake alifukuzwa Geita kwa upepo. Nikafunga safari hadi Kolandoto. Nilimkuta mzee anapalilia pamba.

"Shikamoo, Baba Kabula."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikapiga magoti katikati ya pamba, nikamweleza yote, hata wali wa Burma. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya jembe.

"Haya mbona nayajua," alisema. "Mimi nilikuwepo. Kawaambie wale wasioyajua."

Akarudi kwenye palizi yake.

Basi nawaambieni. Baba wa Kabula si mchawi. Alisema upepo ule unaopeperusha majani. Mwenye mtoto wa kiume anayetaka kuoa asimwogope binti yule kwa sababu yangu.

Na ninyi vijana mnaorudi kutoka jeshini, mnaojigamba na vyombo msivyovijua, kesho nanyi mtapiga pembeni na watu watawacheka. Msitafute bunduki ya kulaumu, wala aliyeitunza. Semeni neno lililonishinda pale uwanjani, mbele ya wauza togwa. Lingetosha kwa shabaha, na lingetosha kwa Baba Kabula pia.

Nimekosa.